Ngege wa Baridi kwa Mama Mkwe

Sababu ya safari hii ni kwamba mama mkwe wangu alikataa kula. Nalisema hilo mapema, ili ninyi mlio nyumbani msije mkadhani nilishuka Kisumu kununua leso na kupigwa na upepo wa ziwa. Mimi ni mke wa mtu wa kiwanda cha chai, na wake wa watu wa kiwanda hawatembei. Tunachuma majani, tunapika, tunafua, kisha tunakaa ndani kusikiliza mvua ya Kericho ambayo kila alasiri huja kama mtu aliyealikwa.

Mume wangu Zakaria alikuwa amemleta Mama huku juu baada ya baba mkwe kufariki, ili asikae peke yake kule ziwani. Alidhani anamfanyia hisani. Alimpa kitanda karibu na moto, mablanketi mazito, na dirisha linalotazama shamba la chai. Sasa, chai ukiitazama siku moja umeitazama mwaka mzima, lakini Mama alivumilia. Kisha akafa mzee mmoja wa kwetu, mtu wa ziwani aliyekuwa mlinzi wa ghala hapa kwenye kambi ya wafanyakazi. Lori la kumrudisha kwao halikupatikana, siku zikapita, mwili haukungoja, akazikwa ukingoni mwa mikaratusi ya shamba. Mama alisimama kwenye mazishi yale mpaka kaburi likajaa udongo, na tangu hapo sahani yake ikawa inarudi jikoni jinsi ilivyokwenda.

Sikukaa bure. Nilimpikia kuku, akasema anamwona bado ana manyoya. Nilimpikia maharagwe, akasema meno yake hayakuja Kericho kuteswa. Nilimletea samaki mkavu wa sokoni, akamgeuza mara mbili na kuniuliza kama huo ubao ni wa kula au wa kuziba mlango. Mdomo ulikuwa mzima kabisa, ila chakula hakikupita. Mikono yake ikawa baridi hata akiwa ameinyoosha motoni. Dresa, msaidizi wa daktari katika zahanati ya shamba, alikuja, akamtazama macho, akatuambia nje kwamba mtu wa umri ule akiacha kula hakai sana.

Siku ile Zakaria alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba mama yake aseme tu anachotaka, chochote.

"Ngege mbichi," Mama alisema. "Si mkavu, si wa moshi. Mwenye macho maangavu." Kisha akageukia ukutani.

Ngege ni samaki wa ziwa letu, na ziwa lile liko chini mbali, lori na treni nzima kutoka kwetu. Ngege akivuliwa asubuhi, jioni keshaanza kunuka. Mtu mwenye akili angesema haiwezekani, na mambo yangeishia hapo. Lakini sisi tulikuwa na Elisha.

Elisha ni mdogo wake Zakaria, shemeji yangu, karani wa kiwandani. Kazi yake ni kutembea na kipimajoto, kile kioo chembamba chenye zebaki, kutoka dari la kunyaushia majani mpaka kwenye tanuri, na kutangaza kila kitu kina joto kiasi gani. Kazi hiyo ilikuwa imempanda kichwani. Alipima uji wangu. Alipima maji ya kuogea ya mwanangu. Jumapili moja alichemsha viazi vitamu vyangu vyote, akavitumbukiza mtoni kimoja kimoja na kuvichoma kwa kioo chake, akagundua kwamba kiazi kikizidi kingine unene mara mbili, hukawia kupoa mara nne. Sisi wengine siku hiyo tulilala na njaa.

"Ngege ana unene wa kiazi cha kawaida," alituambia usiku ule tulipokaa kushauriana. "Akifunikwa na barafu kule Kisumu, atakuwa amepoa mpaka kwenye mifupa kabla treni haijafika Muhoroni. Na akishapoa, haozi. Atafika hapa mbichi."

"Samaki si kiazi," nilisema.

"Mbele ya joto, shemeji, kila kitu ni kiazi."

Kwetu ziwani hakuna anayepoza samaki. Tunamchemsha, tunamkaanga, tunamwanika juani au tunamtia moshini. Hatujawahi kukaa tukimngojea apate baridi. Basi ikaamuliwa Elisha aende. Mimi nimsindikize, kwa sababu Elisha alisomea shule ya misheni ya milimani na samaki anamfahamu akiwa kwenye sahani tu. Zakaria hakuruhusiwa kutoka, maana kiwanda kilikuwa na majani mengi. Mama hatukumwambia kitu, tusije tukamtia tamaa bure.

Tuliondoka kambini asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai. Elisha alibeba kichwani sanduku la chai lililovunjika pembe, lile la mbao nyembamba lenye karatasi inayong'aa ndani ya kuzuia unyevu, alilopewa kiwandani baada ya kulisifu siku nzima. Alisema hakuna chombo duniani kinachozuia hewa kama hilo. Mimi nilibeba blanketi kuukuu, magunia, na chakula, kwa kuwa katika hesabu zake hakukuwa na mahali pa chakula. Lori la mahindi lilitufikisha stesheni ya Lumbwa, na treni ikatuteremsha mpaka Kisumu. Nilivua sweta njiani. Nilikuwa nimesahau kwamba dunia ina joto.

Kisumu tulilala kwa shangazi yangu, mama mnene mwenye maneno, anayeishi karibu na maji. Alipoona sanduku akauliza ni la nini. Elisha akamweleza habari ya viazi na barafu tangu mwanzo mpaka mwisho, na shangazi akamsikiliza kwa adabu yote.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "mtamchukua samaki mzuri wa moto, mmfanye awe na baridi, mpande naye mlimani kwenye baridi, kisha mmrudishe motoni kwenye sufuria."

"Ndiyo, Mama."

"Basi Mungu awatie nguvu," akasema, akaenda kulala.

Alfajiri tulikuwa ufukweni mitumbwi ilipoingia. Hapo nilijiona mtu, kwa maana hapo kazi ilikuwa yangu. Niliinua matamvuli, nikachungulia wekundu wa ndani, nikabonyeza matumbo, nikawarudisha wale waliolegea huku wavuvi wakininunia. Niliwachagua wengi kuliko Mama angeweza kula kwa mwezi, maana Elisha alisema sanduku ni lazima lijae. Yeye wakati huo alikuwa amesimama pembeni na kioo chake, akimchoma ngege wa kwanza, akatangaza kwamba ana joto sawasawa na ziwa. Mvuvi mmoja alimuuliza alitegemea awe na joto la wapi.

Barafu tuliipata kwa duka moja la mjini linalotengeneza soda. Ni bonge la kuogopesha, limefungwa kwenye gunia na unga wa mbao, likitoa moshi kama lina moto ndani. Tukaingia kazini kupakia, na hapa nawaomba mtazame vizuri, kwa kuwa habari yote ya safari hii imo kwenye kupakia.

Kiwandani kwetu, sanduku la chai halijazwi hivi hivi. Majani humwagwa, sanduku likatikiswa, likagongwagongwa, kisha mtu akashindilia kwa nguvu zake zote mpaka pasibaki nafasi ya kuingia hewa, kwani hewa huiharibu chai. Mpakiaji mbovu hujulikana kwa sanduku linalochezacheza. Elisha amelelewa na kiwanda hicho, na alipakia ngege jinsi alivyofundishwa kupakia chai. Aliwapanga tumbo kwa mgongo, akalitikisa sanduku, akaongeza wengine, akawashindilia kwa magoti. Alipomaliza usingeweza kupitisha hata kisu kati ya samaki na samaki. Kisha akavunja barafu, akaitandaza yote juu, akafunga kifuniko, akalivisha sanduku blanketi na magunia.

"Halichezi," alisema, akiligonga ubavuni.

Nami nikalisifu, msidhani nilikuwa na akili kuliko yeye. Lilikuwa sanduku zuri. Kama lingekuwa na chai, lingefika mpaka Ulaya.

Kwenye treni tuliliweka chini ya benchi katika daraja la tatu. Lilidondosha maji toka Kibos, na abiria mmoja, fundi seremala aliyekuwa akienda Nakuru, akainua miguu yake na kutuuliza kwa upole kama tumebeba mtoto. Elisha akampa somo. Kila stesheni alitoa kichwa dirishani kutazama jina kama mtu anayengojea kufika kwao. Treni iliposimama Muhoroni alikunja mikono, akasema, "Sasa wamepoa." Akaegemea akasinzia, na seremala akanitazama mimi kwa huruma.

Jua lilikuwa limepita utosini tulipoteremka Lumbwa. Lori la kwenda Kericho lilikuwa bado linapakia unga, basi Elisha akasema tufungue sanduku tuone ushindi. Akamchoma kioo ngege wa juu kabisa, akasoma, akanionyesha zebaki iliyojikunyata chini.

"Baridi kama asubuhi ya Kericho," alisema. "Mpaka kwenye mifupa. Si nilisema?"

Nilikubali kwamba alisema. Lakini mimi hununua samaki kwa mkono, si kwa kioo. Nikaingiza mkono kati ya samaki nipate mmoja wa katikati nimtazame matamvuli. Vidole vikapita kwenye baridi ya juu, vikateremka, vikakuta joto. Si joto la kuunguza. Ni lile joto la ziwa, vilevile kama tulivyolinunua asubuhi, limetulia humo ndani limejifunika. Nikamvuta mmoja. Tumbo lilikuwa limelegea na harufu ikatoka naye.

"Shemeji," nikasema, "huyu hajasikia habari za Muhoroni."

Elisha alimchoma kioo. Akamchoma wa pili, na wa tatu, akienda ndani zaidi, na kila mmoja alikuwa na joto kuliko mwenzake. Akakaa chini kwenye changarawe za reli. Mimi nikaanza kuwatoa walioharibika na kuwatupa, mmoja baada ya mwingine, samaki niliowachagua kwa macho yangu mwenyewe. Nilikuwa na hasira ya kulia. Nilimwona Mama amegeukia ukuta.

"Nilihesabu samaki mmoja," Elisha alisema baadaye.

"Na hawa?"

"Hawa pia ni mmoja. Nimewashindilia mpaka wamekuwa samaki mmoja, mnene kama sanduku. Barafu inamgusa mgongoni tu."

"Na huyo samaki wako mnene angepoa tukifika wapi?"

Alipiga hesabu kwa vidole, akaacha, akaanza upya. "Tungekwenda Nairobi," alisema, "turudi, halafu twende tena."

Niwe mkweli, sikucheka siku ile. Tulibakiwa na wale wachache wa juu waliolala chini ya barafu, na barafu yenyewe sasa ilikuwa maji yenye vipande vya kuhesabika. Tukawapanga sandukuni tukapanda lori juu ya magunia ya unga. Elisha hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile nilitamani aseme.

Njia ya kutoka Lumbwa kupanda Kericho ni nzuri sana ikiwa kavu, na haiwi kavu. Tulipoanza kuona vilima vya chai, mbingu ikawa nyeusi, upepo ukageuka, na gurudumu la nyuma likazama kwenye tope likakataa kutoka. Dereva akateremka akalitazama, akawasha sigara, akatuambia tutafute mahali pa kujificha kwa kuwa yeye hapa analala. Kando ya njia palikuwa na boma la Wakipsigis. Tulikimbia huko na sanduku letu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mrefu, mkavu, masikio yake yametobolewa yakaning'inia mpaka mabegani. Wakipsigis humwita mwanamke wa rika hilo Kogo, nasi tukamwita hivyo. Tulimsalimu kwa lugha yake, chamgei, akaitikia chamgei, akatuonyesha mlango. Kisha akasikia harufu.

"Hiyo ni nini?"

"Samaki, Kogo," nilisema.

Akarudi nyuma. Watu wake hawakuwa na desturi ya kula samaki. Kwao hicho ni kitu cha majini kisicho na miguu, ndugu ya nyoka, na hakuna anayekaribisha nyoka ndani. Alitutazama sisi na sanduku akaamua.

"Nyinyi ingia," alisema. "Nyoka bakia nje."

"Kogo, kutanyesha, wataharibika," Elisha alimsihi.

"Imekufa?"

"Ndiyo."

"Sasa unaogopa itakufa tena?"

Tuliliacha sanduku uani, wazi, chini ya ukingo wa paa, tukaingia. Alitupa maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, mazito, machachu, mazuri kuliko nilivyotaka kukiri. Ndipo mvua ikaja, na haikuwa mvua ya maji. Ilikuwa mvua ya mawe, ile wanayoijua vizuri watu wa Kericho na ambayo hakuna aliyewahi kuiomba. Ilipiga paa la nyasi, ikapiga ng'ombe, ikapiga ua, na ilipokoma, uwanja wote wa boma ulikuwa mweupe. Kogo alisimama mlangoni akitazama shamba lake. Mabua ya wimbi yalikuwa yamelala chini yote.

"Wimbi yangu imekwisha," alisema taratibu. Tulimpa pole, na pole ilikuwa ndogo.

Nilipogeuka, Elisha hakuwepo. Alikuwa uani amepiga magoti, anakusanya mawe ya barafu kwa mikono miwili kama mwendawazimu. Alilimwaga sanduku lote. Safari hii hakushindilia. Alitandaza barafu chini, akalaza ngege mmoja mmoja, kila mmoja na kitanda chake, barafu chini yake, barafu juu yake, barafu ubavuni, wasigusane. Nikaenda kumsaidia, vidole vikafa ganzi. Kogo alitutazama kwa muda mrefu tukiwafunika maiti za nyoka kwa adabu kiasi hicho, kisha akachukua kibuyu chake akaenda kwa ng'ombe.

"Watakuwa wamepoa wote," Elisha alisema, sauti ikiwa imemrudia, "kabla huyu bibi hajamaliza kukama."

Kogo alimaliza kukama. Elisha akachoma kioo, mimi nikaingiza mkono, juu, katikati, chini. Kote baridi moja. Nakiri alipatia, na iliniuma kidogo. Tulilala kwa Kogo, na ule usiku wa milimani, ambao siku zote nimeulaani, uliilinda barafu ile vizuri kuliko blanketi letu.

Asubuhi lori lilitolewa topeni tukaingia katika nchi ya chai, na huko hakukuwa na chai. Mvua ya mawe ilikuwa imepita humo kabla yetu. Vilima vilivyokuwa kijani jana vilisimama vijiti vitupu, majani yamechanwachanwa yamelala chini yakianza kuwa meusi, na wachumaji wamesimama kando ya njia na vikapu vyao vitupu mgongoni, hawajui waende wapi. Kiwanda kilikuwa kimya. Nadhani katika Kericho nzima siku ile alikuwepo mtu mmoja tu aliyeishukuru mvua ile, naye alikuwa amekalia sanduku akitabasamu. Nilimwambia afunge mdomo kabla watu hawajamuuliza anachekea nini.

Tulimkuta Zakaria nyumbani, kwa kuwa kiwandani hapakuwa na jani la kunyausha. Nyapara alikuwa amewaambia wapumzike mpaka chai ichipue upya. Mama alikuwa pale pale kitandani. Niliogopa kumtazama kwanza, nikamtazama, alikuwa akipumua. Elisha akaweka sanduku mbele yake, akafukua barafu iliyobaki, akampakata ngege mmoja kwa mikono miwili akamsogezea. Sote tulisogea karibu tukingoja Mama afurahi.

Mama aliweka kiganja juu ya samaki, akakitoa upesi.

"Ana baridi."

"Ndiyo, Mama," Elisha alianza, "hiyo ndiyo maana yake, tumempoza ili..."

"Sijawahi kushika ngege wa baridi. Ngege mbichi ana joto la ziwa." Lakini hakumsukuma. Aliinua tamvuli akatazama wekundu. Akatazama jicho, akalibonyeza tumbo, akamnusa. Alifanya yote niliyofanya mimi ufukweni, kwa mpangilio uleule. "Amevuliwa lini?"

"Jana alfajiri," nilisema.

"Na hajaoza."

"Hajaoza, Mama," alisema Elisha, sasa amejaa fahari.

"Kutoka ziwani mpaka hapa."

"Kutoka ziwani mpaka hapa."

Mama alifikiri. "Na kutoka hapa kwenda ziwani, ni mbali zaidi?"

"Hapana, Mama. Ni njia ileile."

"Mimi ni mnene kuliko huyu," Mama alisema, akainua mkono wake uliobaki mifupa, akautazama. "Si sana, siku hizi. Haya, Elisha. Hesabu. Mimi nitachukua muda gani?"

Hakuna aliyejifanya hakuelewa. Zakaria aliinuka akatoka nje. Mimi nilikumbuka mikaratusi, na kaburi la yule mlinzi, na Mama amesimama pale mpaka mwisho. Kumbe tangu siku ile alikuwa akijipima. Mwili haungoji, lori halipatikani, na yeye atalala ukingoni mwa shamba la watu, wachumaji wakipita juu yake na vikapu. Nasi tulikuwa tukimpelekea maharagwe.

Elisha alikuwa bado amempakata samaki. Yule aliyepima uji wangu, aliyejua kila kitu kitapoa stesheni gani, alitazama chini.

"Mama," alisema, "mimi huhesabu viazi."

"Basi nipelekeni ningali na joto langu," Mama alisema. "Hiyo haitaki hesabu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mchemshe huyo, usimzamishe kwenye maji kama unavyofanya siku zote."

Alikula. Alikula ngege mzima, akafyonza kichwa, akaacha mifupa imepangwa ukingoni mwa sahani, akasema chumvi ilikuwa kidogo. Zakaria alirudi ndani macho mekundu akasema moshi wa jikoni ni mwingi. Sikuwa nimewasha moto wa moshi, lakini nilimwachia.

Hatukungoja. Mvua ya mawe iliyolaza wimbi ya Kogo na chai ya tajiri mwenye shamba ilitupa ruhusa ambayo nyapara asingetupa. Siku chache baadaye tulishuka tena sote, Mama akiwa katikati yetu amevikwa mablanketi yote ya nyumba. Tulipopita kwenye boma la Kogo nilimpelekea wimbi kidogo niliyonunua sokoni. Aliipokea, akachungulia lori, akamwona Mama, akaniuliza kama leo hakuna nyoka.

Kwenye treni Elisha hakuweza kujizuia. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kwa jinsi Mama alivyofunikwa, atapata joto tukifika Kibos. Mama alivua blanketi la kwanza Fort Ternan. Tulipofika Muhoroni alikuwa amevua yote, amefungua dirisha, anagombana na mwanamke wa benchi la pili juu ya bei ya mihogo. Elisha alikosea tena, na sikuwahi kumwona akifurahi hivyo kwa kukosea.

Asubuhi ya pili nyumbani kwake, Mama alitaka kwenda majini. Mtumbwi uliingia, akachagua ngege mwenyewe, bado anapigapiga mkia, akamweka juu ya mapaja.

"Elisha, leta kioo chako. Mpime huyu."

Elisha alimpima, akasoma. "Ana joto la ziwa, Mama."

"Hilo ningekuambia bila kioo," alisema, na akaubana mkono wa mwanawe kati ya viganja vyake. Kisha akaushika na mkono wangu, sijui kwa nini, labda alikosea. Kiganja chake kilikuwa na moto.

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa. Nilijifunza kwamba samaki hapakiwi kama chai. Nilijifunza pia kwamba mtu mzima akikataa chakula, haitoshi kumuuliza anataka kula nini. Tulimuuliza Mama anataka nini, tukapanda na kushuka milima kwa ajili ya jibu lake, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza anaogopa nini.

Sisi tulirudi kwenye chai, na yeye akaishi pale misimu kadhaa, akitutumia samaki wa moshi kwa kila mtu aliyepanda huku, pamoja na ujumbe kwamba nisiwazamishe kwenye maji. Siku yake ilipofika, hatukutafuta lori, wala sanduku, wala barafu. Safari yake ilikuwa kutoka mlangoni mpaka ubavuni mwa nyumba yake, akibebwa na wanawe. Elisha alikuwa na kioo chake mfukoni siku ile. Hakukitoa.